Kadi za stoo za Baba

Nina boksi la bati lenye kadi za stoo zaidi ya mia tatu. Lilitoka Kihonda, Morogoro, mwaka 1991, siku Baba aliporudi nyumbani kwa miguu amelibeba begani. Asubuhi ile kiwanda alichokuwa akitunza stoo kilikuwa kimefungwa rasmi. Wenzake waliondoka na walichoweza: buti za kazini, ovaroli, wengine mikono mitupu. Baba alimwomba mhasibu zile kadi, naye akamjibu achukue tu, maana vilivyoandikwa humo havipo tena.

Kadi ya juu kabisa ni ya beringi namba 6205, yaani ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoshika shafti ya mashine, ule mhimili wake, izunguke bila kukwaruza. Upande wa kushoto kuna tarehe, zinafuata safu za zilizoingia, zilikotoka, zilizotolewa, zilizobaki, na mwisho saini. Mwandiko wa Baba ni mnyoofu, wa wino wa bluu. Januari 1981 zilibaki arobaini na mbili. Mwishoni mwa 1984 zilibaki kumi na moja. Machi 1986 mbili. Agosti mwaka huohuo, sifuri. Chini ya sifuri ile amepiga mstari mwekundu, na kutoka hapo kadi ni nyeupe mpaka chini, ingawa kiwanda kiliendelea kuitwa kiwanda kwa miaka mitano zaidi.

Miaka hiyo mitano ndiyo iliyonifundisha kazi ninayoifanya leo hapa Dodoma. Nauza vipuri vya mashine Kizota: beringi, mikanda, pulei za kupitishia mikanda, cheni, oili sili, grisi. Wanaokuja kwangu ni wenye mashine za kukamulia alizeti, wenye mashine za kusaga na kukoboa, mafundi wa mashine za kufyatulia matofali, na siku hizi vijana wa viwanda vipya vya Nala. Wananiita Mama Beringi, na jina hilo nalipenda. Baba naishi naye Nkuhungu. Amepita miaka themanini, masikio yamechoka, lakini ukimwekea beringi mkononi akaizungusha karibu na shavu lake, atakuambia kama imekwisha.

Niseme kwanza kuhusu Morogoro, maana wengi wanaopita Msamvu kwenye basi wanaijua kwa ndizi na mboga za Uluguru tu. Viwanda havikuota pale kwa bahati. Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Maji yanashuka kutoka Uluguru. Bandari iko chini ya kilomita 200. Tena kulikuwa na watu waliokwisha kuzoea mashine, kwa sababu ya mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na mashamba ya Morogoro yalikuwa na sehemu yake. Baba alianzia huko, kwenye korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani mpaka ibaki singa. Alikuwa kijana wa kubeba makopo ya grisi. Mzee mmoja wa stoo alimwona anakumbuka namba kuliko majina, akamvuta ndani.

Baadaye ukaja mpango wa viwanda vya umma. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeweka njia kuu za uchumi mikononi mwa nchi, na katikati ya miaka ya 1970 serikali ikaweka mkakati wa viwanda vya msingi. Morogoro ikawa moja ya miji iliyochaguliwa: viatu, ngozi, turubai, nguo, magunia, mafuta ya kula, vyombo vya udongo. Bwawa la Mindu likajengwa miaka ya 1980 ili mji na viwanda vipate maji. Watu walikuja kutoka Ifakara, Kilosa, Mahenge, Dodoma hukuhuku, hata Songea.

Nilizaliwa 1972, hivyo nilikulia ndani ya sauti ya king'ora. Kililia saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku, na mtaa mzima uliishi kwa hicho. Mama alipika kwa king'ora. Kikilia cha saa tisa, sisi watoto tulikimbilia njiani kupokea vikapu vya kantini, maana baba wengine walibakiza kipande cha mkate. Mji ulikuwa umechangamka. Morogoro Jazz na Cuban Marimba zilikuwa zimeshaupa jina, na Baba hadi leo anasimulia msiba wa Mbaraka Mwinshehe wa 1979 kama vile umetokea juzi. Kwenye mpira, Mseto ilikuwa imechukua ubingwa wa nchi mwaka 1975. Ndiyo maana waliita mji kasoro bahari. Nasema haya kwa sababu historia ya viwanda ikiandikwa, huandikwa tani na mikopo tu. Kwetu kiwanda kilikuwa pia sababu ya mtu kununua redio, kuvaa shati la pasi Jumamosi, na kumpeleka binti shule akijua karo ya mwaka ujao itatoka wapi.

Jioni Baba alinifundisha barazani. Alikuwa na beringi moja iliyokufa, ndiyo niliyochezea badala ya gari la makopo. Alinionyesha namba iliyochongwa pembeni. "Soma mbili za mwisho, mama. Zidisha kwa tano." Sifuri tano mara tano, ishirini na tano. Shafti inayoingia hapo ina unene wa milimita 25. Ya 6206 ni thelathini, 6208 ni arobaini, na kanuni hiyo inashika kuanzia sifuri nne kwenda juu. Mkanda nao una lugha yake: herufi inakuambia upana, namba inakuambia urefu kwa inchi. B 68 na A 68 zina urefu wa namba moja, lakini ya A itazama ndani ya mfereji wa pulei ya B na kuungua. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua hayo kabla ya kujua sehemu za ua.

Alinifundisha na kitu kingine, ambacho wakati ule nilikiona cha kuchosha. Kila kadi juu kulia ina namba iliyozungushiwa duara. Hicho ni kiwango cha chini. Hakikadiriwi kwa macho. Unauliza: mashine zinakula ngapi kwa mwezi? Nikiagiza leo, zitafika baada ya miezi mingapi? Zidisha, kisha ongeza za kukufariji. Kama mashine zinakula mbili kwa mwezi na meli inachukua miezi minne, basi zikibaki nane na wewe hujaagiza, umeshachelewa, hata kama rafu inaonekana ina mali. Baba alikuwa akisema kwa ukali kabisa kwamba mtu wa stoo anayengoja rafu iwe tupu ndipo aombe, huyo ni mlinzi wa mlango.

Naye hakungoja. Nimeziona nakala za maombi yake, zimo bokisini chini ya kadi. Aliomba 1981. Aliomba 1982 mara tatu. Majibu yalikuwa hayahaya: hakuna fedha za kigeni. Mashine zetu zilikuwa za Ulaya, na beringi ya Ulaya hainunuliwi kwa shilingi. Ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambazo nchi haikuwa nazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda na ya kahawa imeshuka. Haya nilikuja kuyajua ukubwani. Utotoni nilichojua ni foleni ya sabuni na Baba aliyekuwa akirudi kimya.

Ndipo walipoanza kuchinja mashine. Mafundi wanalijua neno hilo: unachagua moja iliyo hoi, unainyofoa viungo ili nyingine ziishi. Kwenye kadi za Baba unaweza kuona siku yenyewe. Kwenye safu ya zilikotoka, kabla ya 1983 pameandikwa majina ya wauzaji wa nje au bohari ya Dar es Salaam. Kutoka 1983 pameandikwa "mashine Na. 9". Halafu "mashine Na. 9" tena. Halafu "Na. 14". Beringi ziliendelea kuingia stoo, hesabu ilikaa sawa, na mtu wa ofisini aliyesoma jumla tu angeona mali inaingia na kutoka kama kawaida. Safu ile moja ndiyo iliyokuwa inasema kiwanda kinajila chenyewe.

Wakati huohuo, jirani yetu kilikuwa kikijengwa kiwanda kikubwa cha viatu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Habari zake zimeandikwa na kusomwa dunia nzima, hivyo simsengenyi mtu. Kilipangwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, kitosheleze nchi nzima, na robo tatu ya viatu hivyo viuzwe Ulaya. Kilikuwa na mashine mpya kabisa. Kuta zilikuwa za bati la aluminiamu, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao Januari unalowa jasho umekaa chini ya mwembe. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Wachumi wamekitumia kama mfano darasani miaka mingi. Mimi kinaniuma kwa namna nyingine: walioajiriwa mle ni kaka zetu, walifundishwa kushona kiatu cha kisasa, na ujuzi wao haukuwahi kupata ngozi, soli wala gundi ya kutosha kuufanyia kazi.

Cha Baba nacho kilifuata. Mageuzi ya 1986 yalifungua milango, bidhaa za nje na mitumba vikaingia, na kiwanda chenye mashine tatu nzima hakiwezi kushindana na marobota. Walipunguzwa kwanza vibarua, halafu shifti ya usiku, halafu ya alasiri. King'ora cha saa tano usiku kilipokoma, bibi yetu hakupata usingizi wiki nzima. Mafao yalicheleweshwa, mengine hayakulipwa kabisa, na sitaingia huko maana nitaandika mpaka kesho.

Watu hawakuondoka Morogoro. Hili ndilo nililoshindwa kumweleza mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma mpaka tulipokaa na namba. Alikuwa ameandika kazi ya darasani kuhusu miji iliyokuwa ya viwanda, na akanionyesha habari za Detroit, Marekani, mji wa magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu takriban 1,850,000. Mwaka 2020 hawakufika 640,000. Mwaka 2013 mji wenyewe ulikwenda mahakamani kusema umefilisika. Alinionyesha picha za mitaa yenye nyumba nzuri za matofali zimeota miti ndani. Akaniuliza: "Mama mkubwa, na Morogoro ilikuwa hivi?"

Nikamwambia afungue sensa. Manispaa ya Morogoro mwaka 2012 ilikuwa na watu zaidi ya 315,000. Mwaka 2022 zaidi ya 471,000. Viwanda vilikufa na mji ukajaa. Kule kiwanda kikifungwa nyumba hubaki tupu, kila mpita njia huona, na wapiga picha huja. Kwetu kiwanda kikifungwa, mlemle kwenye lango huota meza ya nyanya, kibanda cha chipsi, bodaboda kumi na mbili, mganga wa simu. Mgeni anaona mji umechangamka na hajui kwamba yule anayeziba pancha alikuwa akichonga gia. Baada ya miaka ishirini hata mtoto wake hajui. Msiba wetu umefunikwa na wingi wa watu, ndiyo maana hatujauombolezea vizuri.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akafuta aya nzima.

Mwaka 2009 nilikwenda na Baba Morogoro kwenye msiba, na njiani akaomba tupite Kihonda. Jengo lilikuwa limegeuka ghala. Nje, vijana walikuwa wanakata vyuma kwa gesi, vinapimwa kwa kilo na kupakiwa kwenye fuso. Baba alisogea kwenye fremu moja iliyolala ubavu, akainama, akashika ncha ya shafti na kuizungusha kwa kiganja. Ilizunguka kimya, bila kukwaruza. "Hii beringi ni nzima," alimwambia kijana wa gesi. Kijana alikuwa na adabu, alizima moto, akasema shikamoo mzee, akangoja tumalize, kisha akawasha tena.

Hapa Dodoma nilifika 1994, nikimfuata mume wangu aliyekuwa ameajiriwa reli. Mji ulikuwa wa upepo na vumbi. Tangu 1973 ulikuwa umeitwa makao makuu, lakini wakubwa wengi walikuja kwa vikao vya Bunge na kuondoka. Nao ulikuwa na kidonda chake cha viwanda. Zabibu zilikuwa zimeletwa na wamisionari miaka ya 1950, ukanda huu ukazipenda kwa jua lake na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na serikali ikajenga kiwanda cha mvinyo, DOWICO. Nacho kilisimama. Zabibu haina subira kama mtama. Kiwanda kikisimama wiki mbili wakati wa mavuno, mkulima hana pa kwenda nayo. Wazee wa Mpunguzi wamenisimulia jinsi watu walivyong'oa mizabibu yao kwa majembe na kurudia uwele. Mizabibu imerudi, viwanda vidogo vya watu binafsi vipo, Hombolo na kwingineko. Ila mzabibu unachukua kama miaka miwili kuzaa, na imani ya mkulima inachukua zaidi ya hapo.

Kwanza niliajiriwa kutunza stoo ya mwenye mashine za alizeti. Mwaka 2003 nikafungua duka langu. Sikuwa na hela ya kuchapisha kadi, basi nikageuza zile za Baba. Nyuma zilikuwa tupu, nzuri kabisa, karatasi ngumu ya zamani. Nilipiga mistari kwa rula. Hivyo kila kadi yangu ina pande mbili: mbele kiwanda cha Kihonda kinavyoisha, nyuma duka la Kizota linavyokwenda.

Sikuwa mwaminifu kwa kadi hizo siku zote. Mwaka 2006, mwezi wa sita, msimu wa alizeti umepamba moto, alikuja mzee wa Kibaigwa mwenye mashine ya kukamua. Alitaka 6308 nne. Nilikuwa nimeletewa na mchuuzi mmoja mzigo wa bei chini sana. Namba ilikuwa imechapwa kwa wino, haijachongwa, na ukiipitishia kidole chenye mafuta ya taa inafifia. Niliona, na moyoni nilijua. Nikamuuzia.

Siku ya kumi na moja alirudi. Hakupaza sauti. Alisema "mbukwa", salamu ya Kigogo, akavua kofia, akaweka shafti yake juu ya kaunta. Ilikuwa imelika mpaka imefanya kiuno. Nje ya mashine yake, alisema, kuna watu wenye magunia wamelala usiku wa tatu. Nililipia kazi ya kuijaza na kuichonga upya, nikampa beringi za kweli bila malipo, lakini siku tisa za msimu hazilipiki. Wale wenye magunia walikwenda kwa wengine, na baadhi hawakurudi kwake.

Jioni nilimweleza Baba, nikitarajia anifokee. Aliniambia nilete kadi. Akaisoma kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye safu ya zilikotoka. Nilikuwa nimeiacha wazi. "Hapa uliona aibu kuandika," alisema. Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo, kitu ambacho siwezi kuandika kilikotoka sikiingizi dukani, hata kikiwa nusu ya bei.

Kutoka Kibaigwa kwenda Kongwa si mbali, na kwa kuwa mzee yule alikuja kuwa mteja wangu wa kudumu, nimeipita njia ile mara nyingi. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947. Walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita vikuu, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Ulikuwa mradi wa shamba, lakini kwangu ni ndugu wa damu wa viwanda vya Morogoro. Walinunua matrekta na mabuldoza yaliyochakaa, masalia ya vita. Walichukua vifaru, wakavigeuza kuwa matrekta. Vichaka vya Ugogo vikawashinda. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, tena una mchanga unaokula majembe kama tupa. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, matrekta mengi yalikuwa yamelala, na karakana haikuwa na vipuri wala mafundi wa kutosha kuyainua. Tawi la reli lilijengwa kutoka Msagali, baadaye likang'olewa. Januari 1951 mradi ukafutwa, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30.

Nilimsimulia Baba, akauliza swali moja tu: walikuwa na kiwango cha chini? Nikasema sidhani walijua mashine zitakula nini, maana hawakuwa wamewahi kulima udongo ule. Akatikisa kichwa. Kiwango cha chini kinatoka ardhini, akasema, hakitoki kwenye kitabu cha aliyetengeneza mashine.

Hilo nimelithibitisha hapahapa. Vitabu vya mashine nyingi vinakubali beringi yenye kifuniko cha bati. Vumbi la Dodoma halikubali. Kuanzia mwezi wa saba upepo unapoanza, vumbi jekundu linapenya kwenye bati, linachanganyika na grisi, linakuwa kama msasa. Yenye kifuniko cha mpira inadumu zaidi. Kwa hiyo viwango vyangu vya chini vya zile za mpira ni vikubwa kuliko vya mtu wa Tanga au Dar es Salaam, na mikanda naiongeza mwezi wa tano kabla alizeti haijaanza kuingia. Hayo nimeyapata kwa kadi za miaka zaidi ya ishirini na nyuso za wateja. Ndicho kitu kilichopotea kule Kihonda: watu waliojua mashine ipi inakula nini, mwezi gani, kwa sababu gani. Mashine ungeweza kuagiza nyingine. Waliojua walizeeka wakiuza vocha.

Sasa Dodoma inajenga. Tangu serikali ihamie kwa kishindo baada ya 2016, mji umefika watu zaidi ya 765,000 kwenye sensa ya 2022. Kuna Mtumba ya wizara, kuna treni ya umeme tangu 2024 inayonifikisha Morogoro chini ya saa mbili, kuna viwanda Nala, kikiwemo cha mbolea. Nafurahi, na sisemi hivyo kwa mdomo tu. Vijana wangu wawili wameajiriwa huko. Lakini nimehudhuria uzinduzi mara kadhaa, nimesikia idadi ya ajira, thamani ya mtaji, uwezo wa uzalishaji kwa siku. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza meneja: stoo yako ya vipuri iko wapi, nani anaitunza, na akistaafu nani anajua anachokijua? Wanaokuja kwangu kutoka viwanda vipya wengi wanakuja mashine ikiwa imeshasimama. Wanakuja mbio, simu sikioni, wananionyesha picha. Ni vijana wazuri, wamesoma ufundi, mikono yao ni mepesi. Wanajua kubadilisha. Ila ukiwauliza ile ya zamani ilikaa muda gani, ni wachache wenye jibu.

Basi nimeanza kuwazuia kidogo pale kaunta. Kabla sijampa mpya, namwambia anisomee namba ya iliyokufa, azidishe kwa tano, aniambie shafti yake ina unene gani. Halafu nampa kadi moja tupu bure, namwomba aandike tarehe ya leo. Wengine wanaichukua kwa heshima kisha sijui wanaitupa wapi. Ila binti mmoja wa kiwanda cha chakula cha mifugo alirudi baada ya miezi minane na kadi yake imejaa mistari, safi, hata safu ya zilikotoka ameijaza. Alikuja kuagiza sita huku mashine yake bado inazunguka. Nilimpeleka nyumbani Nkuhungu siku hiyohiyo. Baba alivaa miwani, akaisoma kadi ile mstari kwa mstari, kisha akamuuliza: "Na hii ya Oktoba, mwanangu, mbona iliwahi kufa?" Wakakaa barazani mpaka magharibi wakizungumza kuhusu Oktoba.

Kadi za zamani zinaniishia. Nyuma zimejaa. Wiki iliyopita nilinunua manila ngumu, nikakata kwa vipimo vilevile, na Baba amekaa mezani na rula na kalamu nyekundu, anapiga mistari. Mkono unatetemeka, kwa hiyo nashika rula mimi. Ameanza na 6205. Ameniuliza zinatoka ngapi kwa mwezi, mzigo wa Dar es Salaam unachukua siku ngapi, na kama mvua zikikata barabara nina njia gani nyingine. Nimemjibu. Amepiga hesabu kwa midomo, kisha ameandika ishirini juu kulia na kuizungushia duara.